UZI: The Thing (1982), mnabishania mwisho bure, kesi yenyewe iko kwenye funguo za friji

Pweza wa Sahare

Wakuu salaam. Nimechoka na ubishi wa The Thing ya John Carpenter, ile ya 1982 ambayo stelingi ni Kurt Russell, maana hapa Sahare kila tukikaa barazani ubishi ni huo huo mmoja, pale mwisho MacReady (Kurt Russell mwenyewe) na mwenzie Childs wamebaki wawili kambi inaungua, nani mtu nani dude. Watu wanakaza shingo kwa sini ya dakika chache za mwisho wakati picha lina mashimo makubwa huko katikati na hakuna anayeyagusa. Kama hujaliangalia toka mapema, humu tunamwaga kila kitu.

Kwa waliosahau. Kambi ya Wamarekani huko Antaktika, wanaume 12, msimu wa baridi ndo unaingia. Inakuja helikopta ya Wanorwe inamfukuza mbwa kwa risasi, Wanorwe wote wawili wanakufa, mbwa anabaki kambini. Mbwa sio mbwa. Ni dude lililotoka kwenye chombo cha angani kilichofukiwa kwenye barafu ambayo Norris, mmoja wa wale 12, anaikadiria miaka laki moja na zaidi, na kazi yake ni kummeza kiumbe halafu kuwa yeye, sura yake, sauti yake, akili yake, mpaka utani wake. Basi hapo hakuna tena anayemuamini mwenzie.

Sasa sikilizeni. Dokta Copper anatoa wazo la maana kuliko yote kwenye muvi nzima, kwamba tuna damu ya akiba kwenye friji, tuichanganye na damu ya kila mmoja tuone ya nani itagoma. Wanakwenda kufungua friji, damu yote imeshaharibiwa, imetapakaa. Na kufuli halijavunjwa! Copper mwenyewe anasema mtu kafungua, kafanya yake, kafunga tena kwa ufunguo. Funguo anakaa nazo Garry mkuu wa kambi na mtumiaji ni Copper, basi. Kila mtu akawageukia hao wawili, Garry akavua uongozi palepale. Lakini baadaye kipimo cha MacReady cha kuchovya waya wa moto kwenye damu kinaonyesha Copper alikuwa mtu (keshakufa hapo) na Garry alikuwa mtu.

Kwa hiyo nani aliingia kwenye friji? Picha linaisha hujaambiwa. Hilo ndo swali, sio Childs.

Na jibu mie naona lipo kabla ya hapo kidogo, sini ambayo wengi mnaipita. Windows yule wa redio na Bennings walikuwa wanapanga mabaki ya lile dude stoo, Windows akatoka kufuata funguo, anarudi anamkuta Bennings keshavingirishwa mikono mirefu mirefu ya damu. Funguo zikamponyoka zikalia chini, akakimbia. Kundi zima likatoka nje kumfukuza yule Bennings feki kwenye theluji. Funguo zimebaki pale chini. Nani aliziokota? Zilimrudia vipi Garry? Hamna anayeuliza, hata wao wenyewe kwenye muvi hawaulizi.

Shusheni nondo.

Kijana wa Makorora

Mkuu sie hili picha tulishajibiwa zamani. Enzi zile banda la video, deki moja na tivii ndogo, picha lilikuwa na deejay anatafsiri juu kwa juu. Ile MacReady anampa Childs chupa pale mwisho deejay akapaza sauti "sasa huyu mweusi mnayemuona, ndiye lile dude, na Makredi anajua, anamtegea!" Banda zima oooooh. Tukatoka tunajua Childs ni dude, tukakua tunajua hivyo, nimeoa nimezaa najua hivyo. Nimekuja kuliangalia kavu bila deejay majuzi kwenye simu ya mtoto, nasubiri pale mwisho asemwe, kimyaaa, muziki tu ule dun dun, dun dun, majina yanapanda. Nikadhani limekatwa!!

Kwa hiyo hebu niambieni, deejay yule alikuwa anajua kitu au alikuwa anajaza tu?

Mwalimu wa Usagara

@Kijana wa Makorora alikuwa anajaza kama ilivyo kazi yake, watu wamelipa hawezi kuwatoa bila jibu. Ila sio peke yake, dunia nzima imejaza. Ngoja nizitaje hizo hoja za Childs maana lazima mtu atazileta, tumalizane nazo.

Ya kwanza, pumzi. Wanasema MacReady anatoa moshi mdomoni kwa baridi na Childs hatoi. Rudini kwenye sini ya Bennings, yule keshakuwa dude kabisa, amepiga magoti kwenye theluji, na moshi unamtoka mdomoni. Hoja imekufa hapo, na Childs naye ukitazama vizuri unamtoka, ni taa tu zilivyompiga. Ya pili, chupa. Kwamba MacReady kampa petroli badala ya wiski na Childs kanywa bila kushtuka. Sasa dude linalobeba akili ya mtu mzima litashindwaje kujua ladha ya petroli? Ya tatu, hereni. Ile muvi ya 2011 inayoeleza yaliyowakuta Wanorwe ilileta kanuni kwamba dude haliwezi kuiga chuma, na Childs hereni yake ipo sikioni. Lakini hiyo kanuni imetungwa miaka 29 baadaye na watu wengine, huwezi kumhukumu mtu kwa sheria ambayo siku ya kosa haikuwepo. Ya nne ndo yenye uzito kidogo, Dean Cundey aliyekuwa na kamera aliwahi kueleza kwamba walitumia nukta ya mwanga kwenye macho kutofautisha watu na madude. Hapo ndo watu wanagawanyika kuhusu ile sini ya mwisho, wengine wanaona mwanga wengine hawaoni, inategemea umeangalia kwenye kioo gani.

Carpenter mwenyewe akiulizwa anajibu anajua ila hasemi. Na kuna mwisho mwingine waliupiga kwa tahadhari tu, MacReady kaokolewa kapimwa damu kaonekana mtu, hawakuutumia.

Dada wa Maabara

Jamani naombeni niingie kidogo maana hii ndo kazi yangu ya kila siku. Nimeangalia hili picha kwa ajili ya mume wangu tu, mie za kutisha sizipendi, lakini ile sini ya kupima damu nilisimamisha nikarudisha nyuma nikasimamisha tena mpaka akanifukuza sebuleni.

Kwanza wazo la Copper ni sahihi kabisa, kuchanganya damu safi na damu ya mtu ukatazama inavyopokea, hilo tunalifanya kila siku kabla ya kumuongezea mgonjwa damu. Kwa hiyo aliyeharibu damu alielewa kipimo kitafanyaje kazi, au alishawaza mbele kwamba dokta atafika hapo. Mie hicho ndo kinanitisha kuliko vichwa vinavyotembea, kwamba lile dude lilikuwa na subira.

Pili, kipimo cha MacReady. Mnakumbuka anavyofanya? Kawafunga kwenye viti na kochi, Windows anapita anawachana vidole, damu inakingwa kwenye visahani, halafu anachoma waya mpaka uwe mwekundu anauchovya. Kwa kuwa kila kipande cha dude ni kiumbe kamili kinachojitetea, damu ya dude itaukimbia moto. Wazo zuri sana. Lakini jamani kisu ni KILE KILE!! Kinapita kidole kwa kidole. Wakati Fuchs, mwanasayansi wa kambi, alishasema mapema kabisa kwamba hata chembe moja huenda ikatosha kuuteka mwili mzima, ndo maana akashauri kila mtu ajipikie na wale vya kopo. Kama chembe inatosha, basi kisu kilichomkata Palmer, ambaye kipimo kilimkuta ni dude, kikaenda kwa mwingine, hesabu ninyi wenyewe. Kwangu mie wote waliokatwa baada ya Palmer majibu yao siyapokei.

Chongoleani

Duh dada umeua.

Pweza wa Sahare

@Dada wa Maabara hiyo ya kisu nakubali inauma, ila ina njia ya kutokea. Kama chembe inatosha kwa nini dude linahangaika kumvamia mtu mzima mzima, linachana nguo, linaacha ushahidi? Lingeenda jikoni likatemea kwenye sufuria moja la Nauls mpishi yakaisha siku ya kwanza. Muvi inasema mambo mawili yasiyokaa pamoja, Fuchs anasema chembe, MacReady anasema likikuvaa linapasua nguo zako. Kompyuta ya Blair, mtaalamu wao wa viumbe, nayo imemuonyesha asilimia 75 kwamba mmoja wao au zaidi keshavaliwa, na likifika kwenye watu dunia nzima inakwisha ndani ya masaa 27,000 tu, yaani miaka mitatu na ushee. Lakini hakuna popote tunapoonyeshwa mtu kavaliwa kwa chembe. Popote.

Chongoleani

Isipokuwa Blair. Nisikilizeni.

Blair wakati anachunguza mabaki ya lile dude mezani, ana penseli, anaelekeza nayo kwenye nyama, anagusa kabisa. Baadae anawaza anaipeleka penseli mdomoni. Ni sekunde tu. Watu wanasema hapo ndo kaambukizwa. Mie sijui, maana baada ya hapo Blair ndo mtu pekee aliyefanya jambo la maana, kavunja redio, kaharibu helikopta na trekta, kaua mbwa waliobaki, asitoke mtu kwenda kuiua dunia. Dude lingefanya hivyo kweli? Au ndo lingefanya hivyo hasa ili wote wabaki humo humo?

Halafu wakamfungia kibanda cha zana. MacReady akienda kumchungulia anamkuta mpole, anasema mie nimepona nataka kurudi ndani, na kamba ya kitanzi inaning'inia hapo mbele yake. HAKUNA ANAYEIULIZA ILE KAMBA. Kwangu mie Blair alitaka kujiua akiwa bado mtu, akachelewa. Yule anayeongea sio yeye. Na nani alimfuata kibandani? Maana alikuwa kafungiwa kwa nje kwa mbao na misumari.

Mzee Kaskazi

Wanangu mmenikumbusha mbali. Mimi asili yangu ni Pemba kwa mama, mwaka 1995 ilipoingia ile hofu ya popobawa nilikuwa kule. Watu walitoka majumbani wakalala nje, uwanjani, kundi kundi, moto umewashwa, hakuna aliyekubali kulala peke yake chumbani. Hofu ikiwakuta Waswahili hukaa pamoja. Hawa jamaa wa kwenye picha hofu ikiwakuta kila mtu anakwenda upande wake na tochi! Fuchs peke yake, MacReady peke yake kibandani kwake huko juu, Blair peke yake, Nauls peke yake. Na dude kazi yake inataka mtu awe peke yake. Wangekaa sebule moja wote 12 wakatazamana mpaka asubuhi picha lisingefika nusu saa.

Hilo ndilo swali langu mimi, kwa nini hawakulala sebuleni.

Kijana wa Makorora

Hahahaa mzee wangu shikamoo, picha lingekosa biashara.

Mwalimu wa Usagara

Biashara ilikosekana vilevile. Lilitoka Marekani tarehe 25 Juni 1982, siku moja na Blade Runner, wiki mbili baada ya E.T., watu wametoka kumlilia mgeni mpole wa kutoka angani halafu unawaletea mgeni anayefungua kifua cha mtu kama mdomo. Wahakiki walilirarua. Muziki wa Ennio Morricone, Morricone mzima, ukaingizwa kwenye kinyang'anyiro cha tuzo za muziki mbaya wa mwaka! Leo huo huo ndo Kijana anautaja "dun dun".

Mpemba Mweusi wa Duga

Mie hoja yangu ni mbwa. Yule mbwa kabla hajafungiwa na wenzie alizunguka kambini mchana kutwa. Kuna sini anaingia chumbani kwa mtu, unaona kivuli tu ukutani, kivuli kinageuza kichwa, sini inakwisha. Yule nani??? Watu wanasema Palmer wengine Norris. Nimesoma kwamba Carpenter alimuweka mtu wa sarakasi asimame pale makusudi asifanane na muigizaji yeyote, kwa hiyo ukipima pua na nywele za kivuli unajisumbua.

Ila hapa ndo pananichanganya. Mtu aliyekaa na yule mbwa muda mrefu kuliko wote ni Clark, ndo mtunza mbwa, kamshika, kampeleka bandani usiku, peke yao wawili. Kila mtu akamshuku Clark, na MacReady akampiga risasi. Kipimo kikaja kuonyesha Clark alikuwa mtu, Childs akamwambia MacReady usoni kwamba basi wewe ni muuaji. Sasa dude lilikuwa na Clark peke yake masaa yote hayo kwa nini lilimuacha? Alikuwa mtu wa kwanza mezani!

Pweza wa Sahare

@Mpemba Mweusi ndo nakuleta kwenye hoja yangu. Lilimuacha makusudi. Clark ndo wa kwanza ambaye kila mtu angemshuku, ukimvaa yeye unakamatwa mapema. Ukimuacha anakuwa ngao, watu wanamkodolea yeye macho huku wewe unafanya yako. Ndo hesabu ile ile ya friji. Aliyeharibu damu hakuharibu damu tu, alifunga tena kwa ufunguo. Angevunja kufuli wote waliobaki wangeshukiwa sawa. Kwa kufunga kawachomea Garry na Copper, kiongozi na dokta, watu wawili waliokuwa na nguvu kambini, kwa mpigo mmoja. Garry kavua bastola, na baadaye wote wawili pamoja na Clark wamechomwa sindano za kulewesha wamefungwa kwenye kochi. Yule aliyefanya vile ni fundi wa siasa.

Na baadae kidogo nguo za MacReady zilizochanwa zinaonekana, Nauls anazikuta kibandani, anakata kamba anamuacha MacReady kwenye dhoruba. Mchezo ule ule! Kiongozi mpya kapatikana, kiongozi mpya kachafuliwa. Kwa hiyo kwangu aliyeokota funguo, aliyeingia kwenye friji na aliyetega nguo ni mmoja, na namtaja, Palmer.

Sababu. Waliokuja kujulikana ni madude kabla ya kipimo kwisha ni Bennings, Norris, Palmer. Bennings keshachomwa kabla damu haijaharibiwa. Blair hapo ndo anavunja redio mbele ya watu halafu kafungiwa. Wanabaki Norris na Palmer. Na Norris hakuwa fundi wa siasa.

Chongoleani

Subiri kwanza yakhe, Norris ndo ananichanganya mie kuliko wote. Garry anavua uongozi anampa NORRIS. Hakuomba, anapewa. Norris anasema samahani jamani siwezi. Kama alikuwa keshavaliwa, dude limepewa bunduki na kambi nzima kwenye sahani likakataa? Na kama alikuwa bado mtu, alivaliwa lini, maana muda si mrefu moyo unamsimama, Copper anamshindilia mashine ya kushtua moyo na kifua kinafunguka kinamkata mikono yote miwili.

Na moyo wenyewe. Norris alikuwa anajishika kifua toka mwanzo. Dude likimuiga linaiga na ugonjwa?

Dada wa Maabara

Hapo pazuri. Kama linaiga chembe kwa chembe, basi mshipa ulioziba linaiga umeziba, halijui kama ni ugonjwa. Linajua tu ndivyo mwili ulivyo. Ndo maana mie siamini kwamba lilikuwa linaigiza kuanguka, lilianguka kweli. Halafu lile dude la ndani likaona sasa nakufa, likajitetea.

Na hii inaleta swali jingine ambalo halipewi nafasi. Norris alijua? Kama kumbukumbu zote ziko mle, na maumivu yako mle, na uwoga uko mle, pengine yule Norris aliyekataa uongozi alikataa kwa sababu zile zile ambazo Norris mwenyewe angekataa. Anaumwa, hataki majukumu. Dude halikuamua lolote pale, ni Norris anaendelea kuwa Norris mpaka aguswe.

Mwalimu wa Usagara

Dada hiyo nzito. Na ukiishika hiyo, kile kipimo cha waya kinageuka kuwa kibaya zaidi, maana kila aliyekaa pale hajui jibu lake mwenyewe. Mtazame Windows damu yake inapochovywa, anahema kama aliyeachiwa na mahakama. Hata MacReady anapojipima mwenyewe, kidogo anasita. Palmer peke yake ndo ametulia.

Pweza wa Sahare

Palmer ametulia KWA SABABU ANAJUA, mwalimu! Hoja ya dada inamfaa Norris, haimfai Palmer. Mtazameni Palmer. Kuna mahali wanapangwa wawili wawili kutafutana, yeye anakataa kwenda na Windows anataka aende na mwingine, Windows anamtukana. Na angalieni kile kichwa cha Norris, kimejikata mezani, kimeota miguu ya buibui, kinajikokota kinataka kutoka mlangoni, wote wamegeuka hawakioni. Anayekiona na kusema kwa sauti mpaka kinachomwa moto ni nani? Palmer. Dude limelichoma dude lenzie ili lenyewe liaminike. Bora kimoja kiungue.

Kijana wa Makorora

Wee! Kumbe ndo maana. Mie siku zote nilidhani pale wameweka tu ili tucheke.

Fundi Simu Chumbageni

Wakuu nimefuatilia uzi toka juu nimelipakua nimelimaliza sasa hivi. Mbona mie sijamuona huyo Palmer wala Windows? Mie stelingi ni mwanamke, anawatazama watu menoni kwa tochi, Wanorwe wamejaa.

Mpemba Mweusi wa Duga

Hiyo ya 2011 fundi. Inatangulia kwa stori ila imetengenezwa baadae. Ya 1982 haina mwanamke hata mmoja, sauti ya kike unayoisikia ni ya ile mashine ya sataranji ambayo MacReady anaimwagia wiski baada ya kufungwa, na sauti yenyewe ni ya Adrienne Barbeau, mke wa Carpenter wakati ule. Rudi ukapakue upya. Na ukianza usiruke ile mwanzo, yule Mnorwe mwenye bunduki anapiga kelele za Kinorwe bila maandishi chini, anawaambia wazi kabisa huyo sio mbwa, linaiga mbwa, kaeni mbali nyie majuha. Mnorwe akikaa kuangalia hilo picha keshamaliziwa stori dakika ya tano.

Chongoleani

Pweza, bado hujanijibu ya kibanda cha Blair. Palmer wako aliwezaje kumfuata Blair na misumari ile?

Pweza wa Sahare

Kibanda kile chini kilikuwa na shimo, wanalikuta mwishoni kabisa, Blair kachimba na kuunda chombo kidogo cha kuondokea kwa vipuri vya helikopta. Sote tunadhani alichimba akitokea ndani. Nani kasema? Njia ikishakuwepo inapitika kote kote. Ila nakiri hilo ni langu la kuunganisha, muvi haionyeshi, na ya funguo angalau tunazisikia zikianguka.

Na kwa wale wa Childs ambao najua bado mnanung'unika. Childs kapimwa, mtu. Kaachwa mlangoni peke yake na amri kwamba Blair akirudi bila wao amchome. Nauls akaja kusema amemuona Childs nje ya mlango mkuu, punde tu umeme wote ukazimika, hakuonekana tena mpaka moto unawaka. Maelezo yake ni kwamba alimuona Blair akamfuata akapotea kwenye dhoruba. Muda alikuwa nao wa kuvaliwa, na muda alikuwa nao wa kupotea tu kama alivyosema. Picha halijaweka hata funguo moja chini ya kuokota pale. Ndo maana nasema mwisho ule ni wa kubishania milele bila faida, wakati wa friji una ushahidi, una watu, una muda, unaweza kuufanyia kazi kama kesi.

Dada wa Maabara

Kaka Pweza Palmer wako nampokea kwa friji. Nguo za MacReady bado. Waliozikuta ni wawili, kwanza Fuchs kipande cha koti kule nje usiku taa zilipozimika, halafu Nauls kibandani. Fuchs hakurudi, wakamkuta kaungua. Sasa aliyemuunguza Fuchs ni nani? Dude halichomi watu, dude linawavaa.

Mwalimu wa Usagara

MacReady anahisi alijichoma mwenyewe, kwamba liliwahi kumfikia akaona bora moto. Alikuwa na fataki ya kumulikia mkononi.

Dada wa Maabara

Fataki ya kumulikia imuunguze mtu mzima kwenye dhoruba ya theluji, mwalimu? Hapana.

Mzee Kaskazi

Peke yake tena. Nimesema mie.

Pweza wa Sahare

Fuchs na Nauls hao wanataka uzi wao, maana Nauls ndo kabisa, anaondoka kwenye korido anaelekea sauti na haonekani tena, hata mwili hatuonyeshwi. Naufungua kesho baada ya Isha umeme ukiwepo. Dada njoo na hesabu ya mafuta na moto, usiniachie mwenyewe. Fundi Simu wewe kapakue kwanza ya 1982.